Msimamizi Aliyehamia Rahaleo

Sharifa alikuwa mbele ya kompyuta chumbani kwake Rahaleo, Mtwara, hedifoni masikioni, akimwambia mwanamke wa Mbeya kwamba kifurushi chake kimeonekana, ndipo Hawa alipoanza kulia. Hawa alikuwa bado hajatambaa na hajajua kitu kitamu kuliko ziwa la mama yake. Sharifa akamalizana na mteja, akaenda sebuleni kumnyonyesha. Ndiyo sababu aliomba kazi ya kufanyia nyumbani. Kampuni ya vifurushi iko Dar es Salaam, mtoto yuko Mtwara, na yeye alitaka kumlea mwanawe kwa maziwa yake.

Aliporudi chumbani, msimamizi wake, Elia, alikuwa anatoka ndani ya kioo cha kompyuta. Kichwa kilikuwa kimeshapita, mabega yakasumbua kidogo. Akajivuta, akashuka mezani, akakanyaga sakafu. Juu alivaa shati jeupe na tai, chini bukta na kandambili, mavazi ya mtu ambaye kamera humwonyesha kuanzia kifuani tu. Kabla hajasalimia, aliweka kiganja kwenye kiti cha Sharifa.

"Kimepoa," alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namnyonyesha mtoto, bosi."

"Kamera haikuona mtoto. Imeona kiti kitupu."

Akaeleza kwamba makao makuu yana wasiwasi na wafanyakazi wa nyumbani, hasa akina mama. Atakaa hapa aone mwenyewe. Akiridhika, Sharifa ataendelea. Asiporidhika, Sharifa arudi kukaa ofisini Dar. Sharifa alijua maana yake. Jafari, mumewe, alikwisha kusema mbele ya wajomba kwamba mtoto wake hatoki Mtwara, na neno lililosemwa mbele ya wajomba halirudishwi mfukoni.

Mama mkwe, Bi Tatu, hakushangaa kumkuta mwanamume chumbani mwa mke wa mwanawe. Alimtilia shaka tu, kama alivyomtilia shaka yeyote aliyeingia bila kupiga hodi.

"Wewe mwana wa nani?"

"Wa mzee Mikaeli, Singida. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ming'oko unakula?"

"Sijawahi kuionja."

"Leo utakula," alisema Bi Tatu, akaenda kuchemsha vile viazi vya porini.

Jafari aliporudi kutoka bandarini alimkagua mgeni toka tai mpaka kandambili. Hakuuliza amepitaje. Aliuliza kwa nini yuko chumbani, kisha akamtandikia godoro sebuleni.

Kusema kweli, Sharifa alifurahi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alijiambia kwamba sasa amepata shahidi, mtu wa ofisi atakayeona siku yake ilivyo. Na Elia aliona. Alimwona akisonga ugali huku akimbembeleza mteja wa Tabora. Alimsikia jirani, Mwanaidi, akianika korosho uani na kuita dirishani, "Shoga, nichungie, mvua ikitaka kunyesha uzianue. Si upo tu ndani!" Akamwona Sharifa akizianua, hedifoni kichwani, akisema, "Ndiyo, mpendwa, nakusikiliza." Aliona Bi Tatu akimtuma mkaa, mara chumvi, mara maji ya kumwogesha mtoto. Aliyaona yote hayo akiwa mkekani na sahani ya ming'oko, chakula alichokipenda mno, na shati likaanza kumbana.

Wakati huohuo, kiooni, Elia aliendelea kuonekana yuko Dar akiongoza vikao. Hakuna aliyeona ubaya wa mtu mmoja kuwa mahali pawili. "Mwanamume huyo, anajua kujipanga," alisema Bi Tatu.

Kilichomtia Sharifa hofu ni namna mumewe na msimamizi wake walivyoshibana. Jioni walitembea pamoja Shangani, wakarudi na maneno.

"Huyo mpendwa anayemwita mchana kutwa ni nani?" Jafari aliuliza, mke wake akisikia.

"Wateja. Ila na mimi nikuulize. Alfajiri anaamkia kazi, au anaamkia mtoto?"

"Hata mimi sijui, kaka."

Wote wawili wakamtazama. Tangu hapo, kila alipoinuka kitini Elia aligusa kiti, na kila alipoinuka kitandani Jafari aligusa shuka. Sharifa akaanza kuviogopa viganja vya watu.

Siku ya uamuzi ilipofika, vikao vilifanyika viwili kwa pamoja, kampuni ndani ya kompyuta, wajomba juu ya mkeka. Elia alikaa katikati. Alisema mkekani, na midomo yake ya kiooni ikafuatia.

"Nimeishi naye, nimeona kwa macho yangu. Muda mwingi yupo nyumbani."

"Na sisi tumeona," alisema Jafari. "Muda mwingi yupo kazini."

Makao makuu na wajomba walielewana upesi. Sharifa abaki Mtwara, ila kinachomwinua kitini kiondolewe. Hawa aachishwe ziwa. Wajomba wakaomba dua, makao makuu yakashukuru kwa ushirikiano.

Kesho yake Bi Tatu alileta shubiri chungu kikombeni, ya kupaka ziwa. "Jipake mwenyewe, mwanangu. Nikikupaka mimi, atanichukia mimi."

Sharifa alijipaka chini ya kanga, uso kwenye kioo cha kompyuta. Elia, aliyekuwa pembeni akisubiri chai yake, aligeuka ukutani kwa heshima. Hawa alilivamia ziwa kama kawaida, akaonja, akalitema. Hakulia palepale. Kwanza alimtazama mama yake usoni, kwa shaka. Kisha akalia kwa nguvu zake zote.

Simu ikaingia. Mteja, mwanamume wa Tanga, alisikia kilio.

"Huyo mtoto ana nini, dada? Wa kwako?"

"Wa jirani, mpendwa," alisema Sharifa. "Nikusaidie nini?"