Wimbo wa Nne

Kwenye kanda ile kulikuwa na nyimbo tatu na kipande cha wa nne, kisha harusi, kisha makofi ya uwanja mzima. Watoto wa nyumba ile walikua wakiamini kwamba umati wote ule ulijazana uwanjani kumshangilia shangazi wa baba yao.

Ilikuwa hivi. Siku ya harusi bibi harusi alichelewa, gari lilipata pancha njiani. Mpiga video, mtu asiyeweza kuacha kitu kipite, akaimaliza kanda yake kwa masufuria, safu za viti na wajomba waliosinzia midomo wazi. Honi zilipolia nje, kamera haikuwa na kanda ya kurekodia. Bwana harusi, fundi umeme aliyebatizwa Volti na mtaa mzima, akakimbilia chumbani na suti yake, akatoka na kanda ya tamasha la bendi ya roki aliyoipenda, vijana wanne wenye nywele za kufagia mabega. Asubuhi hiyo alikuwa akiitazama ili roho itulie. Kanda za dukani zina kitundu ubavuni, cha kuzuia mtu asirekodi juu yake. Volti akakiziba kwa selotepu, akamkabidhi mpiga video.

"Piga," alisema. "Anaingia."

Hakuna aliyekumbuka kuirudisha nyuma. Kamera ikaanzia palepale kanda ilipokuwa imesimama, katikati ya wimbo wa nne: mpiga gitaa anainamisha kichwa, mwimbaji anainua mkono, picha inavurugika kama mchanga, na bibi harusi anaingia mlangoni, shela limekaa upande. Halafu shangazi anasimama kumuusia. "Mwanangu, huyu bwana si msemaji. Akinyamaza, muulize. Usimjibie." Hapo harusi inakatika, mwisho wa tamasha unatokeza, na uwanja mzima unapiga makofi.

Bibi harusi huyo sasa alikuwa fundi cherehani mwenye miwani, na cherehani yake ilikaa sebuleni, imelitazama dirisha. Habari ya kanda alisimuliwa na shangazi mwenyewe, wiki ya kwanza ya ndoa, tena kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alijua kwamba kanda ile ililetwa na rafiki wa Volti aliyefanya kazi melini, na kwamba madukani hapakuwa na ya pili. Na kila Volti alipoiweka kwenye deki, ikifika kwenye wimbo wa nne, alivuta pumzi ndefu akasema, "Haya." Neno hilo moja tu. Mkewe alilisikia akiwa ameinamia kazi yake, na mguu ukasita kwenye kanyagio. Mtu kakatiwa wimbo wake katikati, alijiambia, na miaka yote hii hajanilaumu. Kuuliza ni nusu ya kujua, lakini nusu iliyobaki ndiyo aliyoiogopa.

Mwaka huu deki ikaitafuna kanda. Volti aliifungua kwa bisibisi, akautoa utepe taratibu, umejikunja kama utumbo wa kuku, akaunyoosha mezani kwa kiganja. Haukunyooka. Akaurudisha kwenye kasha lake, akalificha kabatini nyuma ya vikombe vya wageni, na tangu siku hiyo akawa mtu wa "mm" na "ndiyo".

"Baba ana nini?" aliuliza binti yao, aliyekuja kuchukua gauni.

"Nyimbo zake. Wa kwanza kuzila nilikuwa mimi, sasa deki imemalizia."

"Umemuuliza?"

"Kuna la kuuliza hapo? Hata kipofu anaona."

Ndipo fundi cherehani akaenda kwa muuza filamu wa barabara ya pili. Alimweleza bendi, nywele, uwanja. Muuza filamu akatikisa kichwa kama daktari anayeujua ugonjwa.

"Mama, hiyo imetoka mara nyingi. Kwanza kanda. Ikaja diski, wakapunguza nyimbo mbili, watu wakalalamika. Sasa kuna toleo jipya, picha imesafishwa, sauti imesafishwa, tamasha zima mwanzo mwisho. Unaona hadi jasho la mpiga ngoma."

"Jasho silihitaji. Wimbo wa nne upo?"

"Upo."

"Wote? Hakuna anayeukata?"

"Nani aukate, mama?"

Walikubaliana kwamba yeye ataagiziwa diski, naye atalishonea duka mapazia. Akavua futi ya kupimia shingoni, akalipima dirisha palepale.

Jumapili alasiri Volti alitoka kuoga akamkuta binti yake kapiga magoti nyuma ya tivii.

"Waya mwekundu, mama, si huo," alimwambia binti kabla hata hajauliza kinachofungwa. Kisha akaliona kasha la diski juu ya meza. Akaligeuza mbele, akaligeuza nyuma, akamtazama mkewe.

"Kaa," mkewe alimwambia. "Leo husumbuliwi na mtu."

Yeye mwenyewe alikaa kwenye kochi badala ya kukaa kwenye cherehani, mapazia ya muuza filamu mapajani na sindano mkononi, lakini hata pindo moja hakushona. Alikuwa akiutazama uso wa mumewe.

Picha ilikuwa safi kama maji ya mtungi.

"Kumbe mpiga gitaa ana kipara," Volti alisema. "Miaka yote nilidhani ni taa."

"Wamekisafisha nacho," binti akasema.

Wimbo wa kwanza aliupiga kwa goti. Wa pili kwa vidole. Wa tatu aliuimba puani, maneno nusu yake na nusu ya bendi, na mkewe akaona afadhali, mapazia yamelipa.

Ukaja wa nne. Mpiga gitaa akainamisha kichwa. Mwimbaji akainua mkono. Volti akavuta pumzi, akasogea mpaka ukingoni mwa kiti, akaiweka sawa kola ya shati.

"Haya," alisema.

Kitendo hicho cha kola mkewe hakuwahi kukiona. Miaka yote "haya" ile alikuwa akiisikia kwa kisogo.

Wimbo ukaendelea. Ukapita kiitikio ambacho nyumba ile haijapata kukisikia, ukaingia gitaa peke yake, likarefuka. Volti alikuwa bado anatazama upande wa kushoto wa tivii, uso umemshuka.

"Kaenda wapi?"

"Nani, baba?"

"Mama yako. Hapa ndipo anapoingia."

Sindano iliwekwa chini. "Baba watoto," mkewe alisema polepole, "kwani huu wimbo hukuwa ukiusikitikia?"

"Upi?"

"Huu. Niliokukatia."

Volti aliusikiliza kidogo, kwa haki. "Mrefu," alisema. "Na ngoma zimezidi."

"Na hiyo 'haya' yako?"

"Hiyo ya kujiandaa." Akajikuna shingo. "Ulichelewa siku ile. Nilisimama pale nikadhani umeghairi, na wajomba wanakoroma. Basi kila nikiiweka kanda, huyu akiinua mkono, nasema haya, tuone kama atakuja." Akaelekeza kidole kwenye tivii. "Hukuwahi kukosa. Mpaka leo."

Binti aliinuka kwenda kutazama birika, ambalo halikuwa motoni.

"Ungeniambia," mkewe alisema.

"Hukuuliza."

"Na shangazi alisema niulize."

"Mbele ya uwanja mzima," akasema Volti.

Mkewe alicheka mpaka miwani ikamteleza puani, kisha ikabidi aivue na kuifuta. Akalishika pazia moja, jeupe, akajitupia kichwani. Likakaa upande.

"Irudishe nyuma kidogo," alisema, akatoka nje, akaufunga mlango nyuma yake.

Barazani jirani alikuwa akianika nguo. Alimtazama mama mtu mzima aliyesimama mlangoni kwake na ndara miguuni, pazia kichwani na uzi ukining'inia.

"Jirani, kwema?"

"Kwema. Nasubiri kuingia."

Ndani, wimbo wa nne ulianza upya. Kutoka barazani hakuweza kumwona mpiga gitaa, lakini alijua sasa anainamisha kichwa, sasa mkono unainuka. Aliuacha wimbo upite kidogo. Akachelewa makusudi. Mpaka aliposikia, nyuma ya ubao wa mlango, pumzi ndefu na lile neno moja.

Akasukuma mlango.