Kipara cha Msiba

Mwenye mtoto wa kiume na asikie hili. Marietha hakumlea Lazaro awe mtakatifu. Alimlea awe mtu, ajibu akiulizwa, na mwaka ule wa kuhamishiwa vijijini kujibu kwenyewe kulikuwa kosa. Lazaro alimwambia katibu wa kijiji mbele za watu kwamba nyumba ya baba yake haibomolewi wakati mzee yumo ndani anaumwa. Katibu akanyamaza. Lakini kuna kunyamaza kwa kusamehe na kuna kunyamaza kwa kuweka akiba.

Muda si mrefu duka la kijiji likaibiwa. Giza lilikuwa linaingia, muuza duka anafunga mlango, mara mtu aliyejifunika shuka akamsukuma, akabeba gunia la sukari na kutokomea kwenye mtama. Muuza duka huyo aliitwa Damari, mama wa Kigogo aliyeletwa na ushirika kutoka upande wa Manyoni. Watu wenyewe walikuwa wamekusanywa pale toka matongo mbalimbali, sura zao alikuwa bado hajazizoea.

Juma lililofuata baba yake Lazaro akafariki. Wakazika, wakakaa matanga, na siku ya kuondoa matanga Marietha akamnyoa mwanawe kwa wembe, kipara kabisa, kama ilivyo kwao mtoto akifiwa na baba. Ngozi ya kichwa ilikuwa bado inawasha, mgambo wakaja kumchukua kwa wizi wa duka. Katibu alikuwa ametoa akiba yake.

Marietha alipanda lori la pamba mpaka kituo cha polisi. Alikuta uani wanapanga gwaride la utambulisho. Koplo alikuwa amekusanya wanaume wa kujazia mstari, makuli wa stendi na karani mmoja na mpishi wa hoteli, kila mmoja na nywele zake zimechanwa zikasimama. Katikati yao Lazaro, kichwa kinang'aa kama kibuyu.

"Afande," Marietha aliita, "mbona wote wana nywele?"

"Mama, hapa tunapanga watu. Hatupangi nywele."

"Mwanangu peke yake ndiye kipara. Hata kipofu akipapasa atampata."

Askari wa mlangoni akacheka. "Unataka tunyoe raia wema kwa ajili ya mwanao?"

"Wapeni kofia. Wote."

"Hili ni gwaride, si harusi ya kugawiana sare," alisema koplo. "Kakae kwenye benchi kabla sijakasirika."

Akakaa, meno yameumana. Damari akaletwa. Koplo akamwambia, na Marietha alisikia kwa masikio yake, "Mtu wako tumeshamkamata. Pita, mguse begani." Hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kusema hayupo. Damari alizipita zile nywele haraka haraka kama mtu anayepita genge asilotaka kununua kitu. Alipofika kwenye kipara akasimama, akagusa.

"Mama, nitazame vizuri," alisema Lazaro.

"Kimya kwenye mstari."

Marietha alimngoja Damari nje ya lango.

"Ulimwona uso, siku ile?"

"Shuka ilikuwa mpaka puani, mwenzangu. Lakini si wamesema wameshamkamata? Serikali inipandishe Landrova, inipe chai, halafu niseme hayupo? Na yule alikuwa tofauti na wenzake."

"Tofauti yake ni msiba. Rudi ndani ukaseme hivyo."

"Nikigeuza maneno si nitafungwa mimi?" Akaondoka.

Kesi ilichelewa, Lazaro yuko mahabusu, na kila Damari alipohojiwa ule uso ulizidi kuumuka kichwani mwake kama pombe ya mtama chunguni. Mbele ya hakimu hakusita tena. Alisema shuka iliteleza, mwanga wa koroboi ukampiga mwizi, kipara kikameremeta, akamwona kama anavyomwona hakimu. Hakuwa anadanganya, na hilo ndilo lililomchoma Marietha kuliko yote. Mwongo unaweza kumbana akajikwaa. Huyu alikuwa anaapa kwa moyo mweupe.

Marietha akasimama.

"Mheshimiwa, siku hiyo alikuwa na nywele."

"Mama, kaa chini."

"Sikai."

"Nitakutia ndani."

"Nitie. Duka lilipoibiwa baba yake alikuwa hai. Kwetu hanyolewi hivi mtoto ambaye baba yake anapumua, ni kumtakia kifo. Huyo mwenye kipara aliyemwona dukani alitoka wapi?"

Hakimu akaacha kuandika. Akauliza kama yupo kiongozi wa nyumba zao. Balozi wa nyumba kumi, mzee Philipo, akainuka, akamtazama katibu kwanza, ndipo akasema, "Ni kweli. Mzee alizikwa baada ya wizi. Na kunyoa kulikuja baada ya kuzika."

"Na kwenye gwaride walikuwepo vipara wengine?"

"Hawakupatikana, mheshimiwa," alijibu koplo. Hawakupatikana. Kana kwamba aliwatafuta.

Lazaro akaachiwa. Nje ya mahakama Damari alikuwa amesimama na kikapu chake.

"Nisamehe, mwenzangu. Lakini nikifumba macho namwona ni yeye. Hata sasa hivi."

"Fumba macho umwone na nywele."

Damari akajaribu, kope zinamchezacheza. Akatikisa kichwa. "Simwoni na nywele."

Lazaro akatoka, amekonda, akamkuta Damari amesimama njiani, akamwamkia kama mtu mzima yeyote.

"Shikamoo, mama."

Damari akaziba mdomo kwa khanga, akarudi nyuma hatua, kikapu amekikumbatia. Hakuitikia. Marietha akamshika mwanawe mkono, mwanamume mzima yule, akamvusha upande wa pili wa barabara kama mtoto, na akabaki kati ya mwanawe na macho ya Damari mpaka walipokata kona.