Daftari la Getini

Mwanangu ni baharia wa jeshi. Miaka mitano alikuwa melini. Akija nyumbani anakaa siku tatu, anaondoka nguo zake hazijakauka kwenye kamba. Mwaka jana wakubwa wake wakamwambia, sasa utafanya kazi nchi kavu mwaka mmoja, kambini, hapa hapa mjini. Tukafurahi, mimi na mkwe wangu. Mjukuu wangu ndiye hakuonyesha chochote.

Huyo tunamwita Kijino. Ana miaka sita, na yeye alikuwa akimwita baba yake "Afande," kwa kuwa aliwasikia askari wenzake baba wakimwita hivyo walipomleta na begi lake. Tulimkanya, wapi!

"Kijino, huyu ni baba yako."

"Najua, Bibi. Shikamoo, Afande."

Mwanangu alicheka. Lakini mimi ndiye niliyemzaa, kicheko chake cha kweli nakijua.

Kambini hakuwa na kazi moja. Alianza kwa kupaka ukuta rangi, akawa anarudi na masikio meupe. Wakamtia jikoni, akamenya viazi mpaka vidole vikanywea. Wakamhamishia stoo ya mablanketi, kisha akafundisha vijana wapya kufunga mafundo. Siku hizo alinifungia kabati kwa kamba, nikashinda kutwa sipati shuka.

"Wewe, hili kabati litazama?"

"Mazoea, Mama."

Akitaka kwenda dukani alisema, "Mama, naomba kushuka."

"Ushuke uende wapi, nawe uko chini?"

Kumbe kambi yao, ingawa iko juu ya udongo, wenyewe wanaihesabu meli. Sakafu ni sitaha, na kutoka getini ni kushuka.

Mwezi wa nane wakampanga getini. Nikampelekea chakula, Kijino nimemshika mkono. Mwanangu akatutazama kama watu baki.

"Kibali?"

"Kibali cha nini? Mimi mama yako!"

"Najua, Mama. Bila kibali siwezi."

Akaja kupokea bakuli pale kwenye mstari wa geti, kisha akamwonyesha Kijino daftari kubwa. Anayetoka anaandikwa jina na saa. Akirudi, saa ya kurudi inaandikwa mbele ya jina lake.

"Na asiporudi?"

"Mahali pake panabaki wazi. Hatupafuti mpaka arudi."

Jioni ile mwanangu alikuta kigoda mlangoni, na Kijino juu yake, daftari la shule mapajani.

"Kibali?"

"Mimi naishi humu."

"Najua, Afande. Bila kibali siwezi."

Nilicheka nikashika mbavu. Mwanangu akakaa kwenye ngazi na viatu vyake vya kazi, akaomba penseli, akaandika. Kijino akaniletea nimsomee. Mimi shule niliiachia darasa la tatu, nasoma kwa kidole. Jina: Afande. Nikajua hakuthubutu kuandika Baba. Sababu: kumwona mwanangu. Muda: miezi minne. Ndiyo iliyokuwa imebaki arudi melini; nilitamani kuuruka mstari huo, lakini nikasoma.

"Michache," Kijino akasema.

"Michache kweli," akajibu mwanangu.

Kijino akampisha. Tangu hapo kila jioni ilikuwa kibali, na kila jioni Afande. Siku moja mwanangu alinifuata nikichambua mchele.

"Mama, nitarudi melini bado naitwa Afande?"

"Wewe si ndiye fundi wa mafundo? Ukivuta kwa pupa linafunguka?"

Akanisaidia kutoa mawe.

Asubuhi ya kuondoka, gari la jeshi likapiga honi. Mwanangu akabeba begi, akakuta kigoda mlangoni.

"Unatoka?"

"Natoka, mwanangu. Naenda melini."

Kijino akaandika mwenyewe, ulimi umechungulia kwenye pengo la jino. Aliandika polepole, honi ikalia mara ya pili. Alipomaliza akaligeuza daftari ili baba yake aone. Herufi zilikuwa zimelewa, moja imetazama nyuma, lakini hata mimi nilizisoma bila kidole: BABA. Saa mbili. Mbele yake pako wazi.

Mwanangu alisimama palepale, begi likamteleza begani. Kisha akakaza mgongo, akampigia saluti.

"Naomba kushuka."

"Shuka, Baba," Kijino akasema. "Sipafuti."

Daftari nimeliweka kabatini, chini ya shuka. Kila Jumapili Kijino analitoa, ananiletea nimsomee ule mstari mmoja, na mimi namsomea.