Njia ya Buluu

Shigeo alipiga magoti, akagusa rangi ya buluu barabarani kwa ncha ya kidole. Ilikuwa imekauka. Alitamani isingekauka, angalau mpaka saa mbili ipite, maana saa mbili ndipo binti yake Natsuho hupita hapo kwa baiskeli akimpeleka mwanawe Itsuki chekechea.

"Mzee Shigeo, unaibembeleza hiyo rangi?" Kuramoto, mwenzake kazini, alikuwa ameshaanza kukusanya koni za kuzuia magari. "Tufungue njia."

"Subiri kidogo."

"Tangu lini wewe ukasema subiri? Leo umeamka vibaya."

Kweli aliamka vibaya. Miaka nenda miaka rudi amepaka njia za baiskeli katika mitaa ya Sakai, na mwenyewe hajapita hata moja. Huendesha baiskeli juu ya njia ya miguu, polepole, kama nusu ya watu wa mji. Anaijua rangi: ni nyembamba kuliko ganda la yai, haimkingi mtu. Lakini wiki iliyopita Natsuho alimgonga bibi mmoja huko huko kwenye njia ya miguu, mkono wa bibi ukavunjika. Jana, wakila, alitangaza kwamba kuanzia kesho atapita barabarani, ndani ya buluu, kama sheria inavyotaka.

"Na malori je?" Shigeo aliuliza.

"Baba, si unapaka wewe? Unapaka ili iweje?"

Shigeo akanywa supu yake.

Sasa koni ya mwisho iliondolewa. Punde si punde lori la vinywaji likaja kuegesha juu ya buluu mpya, dereva akawasha taa za tahadhari na kushuka na makreti.

"Sisi tumetandika, yeye amelala," Kuramoto akacheka.

Shigeo hakucheka. Natsuho alikuwa anakuja, Itsuki kwenye kiti cha nyuma, kofia yake ngumu ya njano ikichezacheza.

"Ndugu yangu, sogeza gari kidogo," alimwambia dereva.

"Dakika mbili tu, mzee," akajibiwa, na dereva akaingia dukani.

Natsuho akafunga breki mbele yake. "Baba, nalizungukaje hili?"

Angeweza kumwambia apande njia ya miguu. Maneno yalikuwa mdomoni. Ila vikongwe wawili walikuwa wakijikongoja pale, na Natsuho alipowatazama aliugeuza usukani kuelekea barabarani. Shigeo aliogopa, akaogopa mno.

"Ningoje," alisema. Akaichukua baiskeli yake iliyoegemea gari la kazi, akaja kusimama kulia kwa binti yake, upande wa magari.

"Askari akituona tunakwenda sambamba atatuandikia faini," Natsuho alisema.

"Na aandike. Twende."

Wakalizunguka lori. Gari dogo likawapita karibu, upepo wake ukampiga Shigeo shingoni, naye hakusogea. Lori likabaki nyuma. Natsuho akarudi ndani ya buluu, na baba yake akabaki pembeni yake, tairi likienda juu ya lami tupu.

Itsuki akageuka kumtazama. "Babu, uko nje ya rangi."

"Najua."

"Ingia ndani, basi."

"Hatutoshi, mjukuu wangu," Shigeo alisema, akihema, akijitahidi kwenda sawa na Natsuho. Mbele yao, karibu na duka la dawa, gari jingine lilikuwa likipunguza mwendo na kuwasha taa za tahadhari.