Akika Bila Mbuzi

Katika soko la maziwa la Garissa hakuna mwanamke anayejisifia maziwa yake. Kazi hiyo ni ya jirani. Mteja akija, jirani humiminiwa kidogo kwenye kifuniko, akaonja, akalamba midomo, akasema, "Hayajachacha, wallahi," na hapo ndipo biashara huanza. Ukiyaonja mwenyewe watu watakucheka, maana nani asiyejua kusifia cha kwake? Kwa miaka mingi Shurie alionjewa na Ramlo, na Ramlo akaonjewa na Shurie, wala hakuna aliyewahi kuona ni mzigo.

Sasa Shurie alikuwa amekaa mwisho kabisa wa safu, mahali pa kuwekea majerikeni matupu, na jerikeni lake lenye utepe wa kijani lilikuwa bado limejaa pomoni mpaka adhuhuri. Hakuna aliyemfukuza. Watu wa mji huu wana adabu zao: hawakufukuzi, wanakuhama. Asubuhi ya kwanza aliporudi sokoni baada ya msiba, Fosia aliyekaa kuliani kwake alivuta kiti kando kidogo, akasema jua linamchoma. Yule wa kushoto naye akachomwa na jua hilo hilo, ingawa wote walikuwa kivulini. Kufikia Ijumaa jua lilikuwa limewachoma wote.

Sababu yake kila mtu aliijua. Hamse, mwana wa pekee wa Shurie, alikuwa amemuua kwa kisu Daud, mwana wa Ramlo.

Daud alikuwa dereva wa tuktuk, kijana mcheshi, mpenda kupiga honi bila sababu. Siku moja alimkuta Hamse nyuma ya kibanda cha miraa wakati watu wako msikitini, akamzaba kofi mbele ya marafiki aliokuwa nao na kumwamuru aende nyumbani kwa mama yake. Lilikuwa kofi la kaka. Hamse alipozaliwa, Shurie alishikwa na homa kali na kifua chake kikakauka, na Ramlo, ambaye alikuwa bado hajamwachisha Daud ziwa, alimchukua yule mchanga akamnyonyesha mpaka mama yake akapona. Kwa sheria ya dini wale wawili walikuwa ndugu wa ziwa moja. Kesho yake alasiri mdogo alimngojea mkubwa kwenye kituo cha tuktuk, na kisu kilikuwa cha jikoni kwa Shurie, kile cha kukatia nyama. Daud alikata roho kabla hajafikishwa hospitali.

Basi ulimi hauna mfupa. Kabla Daud hajazikwa, picha ya Hamse akiwa na pingu ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu kutoka Ijara hadi Elwak, na kila aliyeituma aliongeza chumvi yake. Madereva wa tuktuk waligoma. Redioni watu walipiga simu kutwa nzima: mmoja anataka anyongwe, mwingine anataka apigwe risasi pale pale kituoni, wa tatu anasema tatizo ni wanawake wanaoshinda sokoni badala ya kulea. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, alimalizia huyo, na mtangazaji akamshukuru. Wakatokea na wale ambao siku zote hutokea, waliojua tangu zamani. Mwalimu wa madrasa aliyempa Hamse zawadi kwa kuhifadhi Korani vizuri sasa alikumbuka kwamba macho ya mtoto yule hayakumpendeza hata siku moja.

Shurie aliyasikia yote, na lililomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na la kujibu. Kama Hamse angekuwa mwana wa mwanamke mwingine, naye pengine angesema yale yale. Alikuwa akilala chumba kimoja na nguo za mwanawe, hakuzigusa wala hakuziondoa. Daud alikuwa akimwita habaryar, mama mdogo, na kila alasiri alimpakilia majerikeni yake matupu kwenye tuktuk bure. Shurie alimlilia Daud peke yake, mdomo ameuziba kwa mtandio, maana aliona hata kilio hicho watu wangesema hana haki nacho.

Msibani hakwenda. Abdullahi, shemeji yake, mkubwa wa ukoo tangu mumewe afariki, alimkataza. "Wazee watazungumza na wazee," alisema. "Damu ina njia zake. Wewe kaa, ufunge mdomo." Shurie akakaa akafunga mdomo, na msiba ukapita ng'ambo ya ua wa pili, naye akisikia sauti ya Ramlo ikikwama na kuanza tena.

Lakini serikali nayo ilikuwa na njia yake. Kesi ilipofika kwa jaji, swali la kwanza halikuwa nani ameua. Swali lilikuwa Hamse ana umri gani. Mtu mzima akipatikana na hatia ya kuua anaweza kuhukumiwa kifo. Mtoto hawezi.

Na hapa ndipo Shurie alipokuwa amejifunga kamba mwenyewe. Hamse alirefuka mapema kama baba yake, na kila alipovuka daraja la Tana kwenda kupokea maziwa, polisi wa kizuizi walimteremsha garini: kitambulisho kiko wapi? Mara moja walimweka kituoni hadi jioni. Kwa hiyo Shurie alimpeleka mbele ya wazee wanaohakiki waombaji wa vitambulisho, akaapa kwamba mwanawe alizaliwa wakati wa yale mafuriko makubwa, na kwa hesabu hiyo ametimiza miaka kumi na minane. Kweli ilikuwa kwamba Hamse alizaliwa baada ya maji kushuka, ulipoingia ugonjwa wa mifugo. Tofauti ilikuwa ya miezi tu, na nusu ya mtaa walikuwa wamefanya hivyo hivyo kwa watoto wao. Hamse alipata kadi yake, akavuka daraja kama bwana. Haikupita hata miezi miwili, na umri wake wa kweli bado haujafika hapo, akashika kisu.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Shurie hakudhani itakuwa fupi namna hii.

Alikwenda kumwona rumande. Hamse alikonda, shingo imekuwa ndefu, ndevu zake chache zimeota ovyo. Askari alikuwa ameanza kutazama saa.

"Hooyo, mama yangu," Hamse alisema mwishowe, "sikutaka afe."

"Kisu ulikibeba kutoka nyumbani," Shurie alimjibu. "Usiniambie mimi hukutaka. Kamwambie Mungu."

Hamse akalia, na Shurie hakumshika. Alipotoka nje alitamani kurudi amshike, lakini muda ulikuwa umekwisha.

Daktari alimpima Hamse meno na mifupa ya kifundo cha mkono, akasema yuko kati ya miaka kumi na sita na kumi na tisa. Jibu hilo lingeweza kutolewa na mpita njia. Watu hawakuwa na shaka: ana kadi, ana ndevu, ameua kama mwanamume, basi na afe kama mwanamume. Aliyejua kweli, mbali na Shurie, alikuwa mmoja tu. Hamse alipozaliwa, wanawake hao wawili walikuwa wake wa wafugaji, kambi yao iko karibu na Masalani, na ni Ramlo aliyempokea mtoto kwa mikono yake.

Shurie hakwenda kumwomba. Abdullahi alimwambia atume mtu, naye alikataa kata kata. Utamwambia nini mwanamke aliyezika mwanawe? Njoo uniokolee wangu? Kuna maombi ambayo hata kuyafikiria ni ukosefu wa haya. Akanyamaza, na kila alfajiri alipanga majerikeni yake mwisho wa safu, na kila jioni aliwapa mbuzi wa mtaani maziwa yaliyochacha.

Siku ya kusikilizwa suala la umri, chumba cha mahakama kilifurika hadi madirishani. Shurie alisimamishwa kwanza. Alisema mwanawe alizaliwa baada ya mafuriko, na kwamba mbele ya wazee alidanganya.

Kiongozi wa mashtaka hakumpandishia sauti. "Mama, kule uliapa ni mtu mzima. Leo unaapa ni mtoto. Tuamini kiapo kipi?"

Watu wakacheka. Shurie alitazama mikono yake, akarudi kukaa kwenye benchi ambalo hakuna mwingine aliyekaa.

Ndipo akaitwa Ramlo. Upande wa mashtaka ndio uliomwita, na watu wa ukoo wake walikuwa wamemsindikiza wakiwa na hakika ya atakachosema. Shurie hakumtazama usoni. Alitazama viatu vyake, vile vya plastiki walivyonunua pamoja. Mkalimani alisimama kando yake, Ramlo akamwondoa kwa mkono.

"Mimi nitasema Kiswahili, ili kila mtu asikie," alisema. "Ile mtoto, mimi nilimpokea. Mafuriko ilikuwa imekwisha. Maji imerudi kwa mto. Ng'ombe ilikuwa inatupa mimba, serikali imefunga soko ya mifugo, imekataza watu kuchinja. Siku ya saba, siku ya akika, siku ya kupewa jina, hii mtoto hakuchinjiwa. Baba yake alizunguka na mbuzi yake mwenyewe, hakuna mtu alikubali kushika kisu. Tulikula mchele na sukari. Wazee walinung'unika mpaka jioni. Kama ingekuwa mafuriko, tungekula nyama."

Huko nyuma mzee mmoja alijisahau, akasema kwa sauti, "Kweli, mwaka ule hatukuonja nyama," kisha akainamisha kichwa kwa jinsi alivyotazamwa. Kila mwenye mvi mle ndani alikuwa anaikumbuka njaa ile ya nyama. Umri wa mtoto watu husahau, lakini karamu isiyo na mbuzi, mfugaji haisahau.

"Mama Ramlo," kiongozi wa mashtaka alisema taratibu, "unajua unamsaidia nani?"

"Najua. Ningepata ruhusa, mimi ningemuua na hii mkono. Lakini hii mkono ndio ilimshika, na hii kifua ndio ilimnyonyesha. Miaka yake ni ile Mungu alimpa. Mimi siwezi kumwongezea. Mama yake alimwongezea, muone."

Jaji aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema kijana atahesabiwa kuwa mtoto na kesi itaendelea kwa njia hiyo. Nje watu walipiga kelele. Mmoja aliuliza kwa sauti Ramlo amelipwa nini.

Shurie alimkuta kwenye kona ya jengo, peke yake, akifunga mtandio. Ndugu zake walikuwa wameondoka bila kumngoja. Shurie alipiga magoti mchangani, akanyoosha mkono aushike mkono wa Ramlo aubusu.

Ramlo akaurudisha nyuma. "Usinishukuru, abaayo, dada yangu. Sikukufanyia wewe."

"Ramlo, mimi..."

"Nilikuwa na wana wawili," Ramlo alisema. "Mmoja nimemzika, na wa pili ndiye aliyemuua. Wewe una wako wa kumpelekea chakula rumande. Mimi nimpelekee nani?"

Ramlo alimaliza kufunga mtandio. Alikwenda zake kwa miguu juani, na tuktuk zilimpita bila hata moja kusimama.

Siku zilizofuata mji ulipata wa kumsema mpya. Mwanamke gani anasimama upande wa muuaji wa mwanawe? Simu zikajaa, redio ikajaa, na waliojua tangu zamani walikumbuka mambo ya Ramlo pia. Sokoni, Fosia alianza kuchomwa na jua upya. Kiti kimoja kilisogea, kisha cha pili, mpaka Ramlo akabaki peke yake mwanzo wa safu kama Shurie alivyokuwa peke yake mwisho wake, na katikati wanawake wengine wamebanana, wakionjeana na kucheka kuliko kawaida.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja mgeni, mtoto mgongoni, asiyejua habari za mji. Alisimama mbele ya Ramlo, akafurahia harufu ya moshi wa jerikeni lililofukizwa.

"Nani ameyaonja?" aliuliza, kama ilivyo desturi.

Fosia alijishughulisha na utepe wa jerikeni lake. Mgeni alitazama huku na huku, akarudia swali.

Shurie aliinuka. Hakuwa ameamua kuinuka, miguu iliinuka yenyewe. Alipita nyuma ya viti vya wote, na mdomoni tayari aliisikia ile ladha ya moshi na chumvi aliyoijua kuliko ladha ya maziwa yake mwenyewe. "Mimi nitaonja," alisema. Sauti ilimtoka ndogo, kwa kuwa hakuwa amezungumza na mtu tangu jana yake.

Ramlo alikuwa ameshika kifuniko, tayari kumimina. Alikitazama. Shurie akanyoosha mkono kukipokea.

Kisha Ramlo akakirudisha juu ya jerikeni, akakikaza kwa nguvu zote.

"Afadhali yachachie humu humu," alisema, bila kugeuka.

Mgeni akaenda kununua kwa Fosia. Shurie alisimama pale kidogo, mkono ungali mbele, halafu akarudi mwisho wa safu, akakaa, akafunga na jerikeni lake.