Kivuli Kilichobaki Jikoni

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, karani wa masjala ya hospitali alifunga zipu ya begi lake, akaacha kivuli chake kinaosha vikombe, akaenda kwenye kambi ya waandishi. Hakukiacha kwa makusudi. Yeye alikuwa anachelewa basi, nacho kilikuwa na povu mikononi.

Riwaya yake ilikuwa na miaka tisa na kurasa arobaini. Aliiandika nyuma ya fomu zilizoharibika, sentensi hii ikikatwa na "Mama, soksi!", ile na "Mke wangu, taulo liko wapi?" Taulo lilikuwa palepale siku zote.

Kambini, mratibu alimtazama miguuni penye jua, akaandika daftarini: Kivuli hakikufika.

"Usijali, dada," akasema. "Muuguzi wa chumba cha tatu kawaachia watoto masikio yake. Ukiwa na neno naye, mwandikie."

Siku ya kwanza karani alilala. Siku ya pili alianza sentensi saa tatu asubuhi, akangoja akatwe. Hakuna aliyeita. Sentensi ikaenda, ikavuka koma, ikafika kwenye nukta salama salimini. Karani alilia kidogo, akaandika nyingine. Jioni walisomeana kazi zao. Muuguzi, asiyesikia hata neno, alicheka kila panapostahili.

Siku ya kumi riwaya ilikwisha.

Aliporudi, familia ilikuwa mezani. Kivuli kilikuwa kinapakua.

"Nimerudi," akasema.

Mumewe, fundi saa, aliinua macho. "Kutoka wapi?"

"Kambini. Siku kumi zote. Nimemaliza kitabu."

"Kumbe!" akasema mama mkwe. "Mimi nilidhani umekonda tu. Tena ulikuwa hujibizani na mtu. Nikasema, mkwe wangu hatimaye ametulia."

"Hongera," akasema mumewe. "Basi kwa kuwa mko wawili, mmoja apige pasi."

Karani akapiga pasi. Kivuli kikaosha vyombo. Walipobaki peke yao jikoni, karani alikinyooshea mguu.

"Rudi basi, ndugu yangu. Nisamehe."

Kivuli kilijifuta mikono. "Siku kumi nimesimama hapa, dada. Nami nina la kusema."

Kikatoa fomu ya kambi, imeshajazwa, kwa mwandiko wake karani mwenyewe. Karani aliisoma yote, akasahihisha koma moja, akatia saini penye nafasi ya mdhamini.

Mwezi uliofuata alikisindikiza hadi kituoni. Kondakta alikikatia tiketi ya mtu mzima. Karani alipunga mkono mpaka basi likapinda kona, kisha akaharakisha kurudi kubandika sufuria.

Chakula kiliiva kwa wakati. Mumewe alionja mchuzi, akaridhika, akasogeza sahani aongezewe. Hakuna aliyeuliza safari hii kaondoka nani.