Ng'ambo ya Mto Fowey

Digory Pascoe alizaliwa Polruan, kijiji cha Uingereza kando ya mto Fowey, mwana wa seremala wa meli, na hakuna aliyedhani kwamba siku moja angeamrisha manowari ya Mfalme. Makapteni wenzake walikuwa watoto wa mabwana. Yeye alipanda cheo kwa viganja vilivyochanwa na kamba. Mezani kwao walimkaribisha kwa adabu, kisha wakazungumza wao kwa wao. Rafiki alikuwa naye mmoja tu, Jago Hender, mtoto wa kwao, kapteni kama yeye, tena mume wa dada yake Loveday.

Vikaja vita na Waholanzi. Siku moja vita vilipopamba moto, meli ya Jago ilivunjika mlingoti, ikashika moto. Ilikuwa karibu kiasi kwamba Digory alisikia watu wakiita. Lakini bendera ya mkuu wao ilikuwa juu, na amri yake ilikuwa moja: asitoke mtu kwenye mstari wa meli.

"Tugeuze, bwana?" msaidizi wake akauliza.

"Shika njia hiyo hiyo."

Haikupita nusu saa, baruti ya meli ile ikalipuka.

Mstari haukuvunjika, ushindi ukapatikana, na Digory akafanywa admeri, mkuu wa kundi zima la manowari. Hata kabla ya kwenda kumshukuru Mfalme, alikwenda Polruan. Loveday alimwekea mkate na samaki wa chumvi.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Na yeye alikuona?"

"Alinipungia mkono."

"Alikuwa anakuaga, au anakuita?"

Akaurudisha mkate mezani. "Sijui, dada."

"Basi kula, kaka. Ukishiba, mlango unaujua."

Kwa miaka tisa aliongoza meli za Mfalme. Alikula peke yake, maana ndivyo cheo kilivyotaka, na barua alizomwandikia Loveday hazikujibiwa hata moja. Alipostaafu, magoti yameisha, angeweza kukaa London. Akanunua nyumba katika mji wa Fowey, mkabala na ile ya dada yake, mto katikati. Wavushaji walimcheka: "Dunia nzima kaizunguka, kijito hiki kimemshinda!"

Kila asubuhi alitazama ng'ambo. Akiona moshi kwenye dohani ya Loveday, ndipo alipoketi kunywa bia yake ya asubuhi.

Januari moja moshi haukutoka. Alingoja mpaka adhuhuri, kisha akashuka gatini. Upepo ulikuwa unapasua maji.

"Admeri, leo hata bata havuki," mvushaji akamwambia.

"Basi niazime mtumbwi wako."

Akapiga makasia mwenyewe, mzee wa miaka sitini na minane. Alimkuta Loveday sakafuni, homa imemwangusha, meko baridi. Akamlaza, akawasha moto, akabandika uji wa shayiri.

Jioni dada yake akafumbua macho. "Nani kakuruhusu kuingia?"

"Hakuna."

"Sijakusamehe, Digory."

"Najua."

Loveday akageukia meko. "Koroga basi, unaungua huo."

Digory alilala kwenye benchi la dada yake wiki tatu, mpaka Loveday akaweza kutembea kwa mkongojo. Ndipo alipomwambia arudi kwake. Ila Jumapili iliyofuata alipovuka, alikuta mlango haukufungwa na sahani mbili ziko mezani. Ikawa hivyo kila Jumapili. Walizungumzia bei ya samaki, baridi, magoti. Jago hawakumtaja. Na kabla giza halijaingia, admeri alishika makasia, akarudi ng'ambo kwake peke yake.